Mitihani ya chuo kikuu mjini Bujumbura: namna ya kujitayarisha na kustahimili shinikizo lake

Mitihani ya vyuo vikuu inapokaribia mjini Bujumbura, maduka ya fotokopi yaliyo jirani na kampasi hujaa watu tangu asubuhi. Anayetafuta makaratasi ya kozi aliyoikosa husimama foleni moja na anayenakili mitihani ya miaka iliyopita, na yule aliyenunua kila kitu mapema huanza kujiuliza kama amenunua yaliyo sahihi. Ni majuma machache tu, lakini yana uzito mkubwa katika maisha ya kijana.

Uzito huo si wa alama peke yake. Tangu mwaka 2017, fedha ambazo serikali ya Burundi ilikuwa ikiwapa wanafunzi kama msaada wa masomo ziligeuzwa kuwa mkopo utakaorejeshwa baada ya kuhitimu, uamuzi uliopingwa wakati ule kwa migomo ya wanafunzi. Kwa anayesoma katika chuo cha binafsi, mzigo ni minervali, ambayo aghalabu hutoka katika biashara ndogo ya mzazi au kwa ndugu aliyeko ng'ambo. Mwaka ukirudiwa, gharama hurudiwa pia, na siku ya kuanza kutafuta kazi husogea mbele. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Buyenzi, Bwiza au Kinama mtihani wa mtoto mmoja huwa mtihani wa ukoo mzima.

Jambo la kwanza ni kuufahamu mfumo

Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964 kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, na kwa miongo mingi kilifuata desturi ya Kibelgiji: mwaka mzima wa masomo, mitihani mwishoni, alama juu ya 20, kisha awamu ya pili kwa walioanguka. Sheria ya mwaka 2011 ilileta mpangilio mpya unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, BMD, wenye ngazi tatu za shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu. Mwaka hugawanywa katika mihula miwili, na kila kozi hupewa uzito unaohesabiwa kwa kredi. Shahada ya kwanza hukamilika kwa kredi 180 katika miaka 3, yaani 60 kwa mwaka.

Alama juu ya 20 zilibaki, na awamu ya pili, ambayo wanafunzi wenyewe huiita sesheni ya pili, ilibaki vilevile. Kilichobadilika ni hesabu. Kozi yenye kredi nyingi huvuta wastani wa mwanafunzi kwa nguvu kuliko ile yenye kredi chache, lakini wengi hugawa muda wao wa kusoma kwa kufuata mapenzi yao: somo wanalolipenda hupata usiku tatu, lile wanaloliogopa hupata asubuhi moja. Kabla ya kufungua daftari lolote, inafaa mwanafunzi aandike kozi zake zote kwenye karatasi moja, kredi za kila kozi, na alama alizokwisha kupata katika kazi za darasani. Karatasi hiyo itamwonyesha mahali ambapo saa moja ya jitihada italeta faida kubwa zaidi. Na kwa kuwa kila kitivo kina kanuni zake kuhusu kozi ipi inaweza kufidiwa na alama za kozi nyingine, na ipi haiwezi, kanuni hizo zisomwe mwanzoni mwa muhula. Kuzitafuta siku ya matokeo ni kuchelewa.

Kalenda ambayo haikuaminika sikuzote

Historia imewafundisha wanafunzi wa Bujumbura kwamba tarehe ya mtihani inaweza kusogea. Mfano mzito zaidi wa miaka ya karibuni ni wa 2015. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza mwishoni mwa mwezi Aprili, masomo katika Chuo Kikuu cha Burundi yalisimamishwa na mabweni yakafungwa. Mamia ya wanafunzi waliotoka mikoani, wasio na pa kwenda wala nauli, walipiga kambi kando ya ubalozi wa Marekani mjini humo. Waliishi pale kwa majuma kadhaa, jaribio la mapinduzi la mwezi Mei likipita, hadi tarehe 25 Juni, walipohofia kutawanywa na polisi wakapenya chini ya lango na kuingia katika eneo la kuegesha magari la ubalozi. Kwa vijana hao, mtihani ulikuwa umegeuka kuwa suala la mahali pa kulala.

Mwaka 2020 mambo yalikwenda kinyume. Wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipofunga vyuo kwa sababu ya janga la Korona, Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache duniani zilizoendelea na masomo. Mwanafunzi aliyetarajia kuahirishwa kwa mitihani kama ilivyokuwa kwa jirani zake alijikuta akiitwa ukumbini.

Kutokana na hali hizo, maandalizi yanayotegemea tarehe moja ni maandalizi dhaifu. Anayesoma kidogo kidogo tangu mwanzo hapotezi sana mtihani ukisogezwa mbele, na haangamii ukirudishwa nyuma. Aliyeweka kila kitu katika juma la mwisho ndiye anayeumia, kwa maana yaliyoingia kichwani kwa haraka hutoka kwa haraka ileile.

Kurudia kusoma hakutoshi

Hapo ndipo utafiti wa elimu una la kusema, na wanafunzi wengi hawajalisikia. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Aliona pia kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushika kuliko marudio mengi yaliyorundikwa pamoja.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi cha kusoma. Baadhi walikisoma mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na waliojipima wenyewe asilimia 56.

Matokeo hayo yanaeleza malalamiko yanayosikika kila mwaka nje ya kumbi za mitihani, ya mtu aliyesoma usiku kucha na kuona kila kitu kikimwelea, kisha akaingia ndani asikumbuke. Hakuwa akisema uongo. Kusoma tena ukurasa uleule huleta hisia ya kuufahamu, kwa sababu macho yanautambua. Lakini mtihani haumwombi mwanafunzi autambue ukurasa. Unamwomba autoe kichwani bila kuuona. Kupigia mistari kwa kalamu ya rangi, kazi inayopendwa sana na inayopendeza macho, nayo haina faida kubwa ikifanywa peke yake.

Namna ya kujipima haihitaji vifaa. Mwanafunzi husoma sehemu moja ya kozi, hufunga daftari, huchukua karatasi tupu na kuandika aliyoyashika, hata kama ni mistari mitano. Kisha hufungua daftari na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Palipoachwa patupu ndipo pa kusomea kesho. Sehemu hiyohiyo hurudiwa baada ya siku mbili, kisha baada ya juma moja. Zoezi hili huchosha na huvunja moyo kwa kuwa linamwonyesha mtu asichokijua, na pengine ndiyo sababu wengi hulikimbia. Lakini heri kuvunjika moyo mezani nyumbani kuliko kuvunjika mbele ya msimamizi.

Mitihani ya miaka iliyopita, ile inayonakiliwa kwa wingi kwenye maduka ya fotokopi, ina thamani ikitumiwa hivyo: mwanafunzi aijibu kwa saa, bila daftari, kabla ya kutazama majibu. Anayekariri majibu ya mtangulizi wake anacheza kamari, kwani mhadhiri akibadilisha swali kidogo tu, jibu lililokaririwa huwa mzigo.

Makundi ya kusoma nayo yana nafasi yake, hasa pale ambapo nakala moja ya makaratasi inatumiwa na watu wanne. Kundi lenye faida ni lile ambalo kila mmoja hupewa sehemu ya kuwafundisha wenzake na kukubali maswali yao. Kundi ambalo mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza huku wakitazama simu ni baraza tu, hata likikaa hadi usiku wa manane.

Lugha nne katika kichwa kimoja

Kwa mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili, kuna ugumu mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha. Nyumbani anazungumza Kiswahili, sokoni na ofisini Kirundi, darasani anafundishwa kwa Kifaransa, na vitabu vingi vya fani yake, hasa sayansi, hesabu za biashara na kompyuta, vimeandikwa kwa Kiingereza, lugha iliyopewa hadhi rasmi nchini mwaka 2014. Mtihani unapokuja, huwa haupimi ujuzi wake wa kozi pekee. Unapima pia kasi ya kuuhamisha ujuzi huo kutoka lugha anayofikiria hadi lugha anayoandikia.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuacha kabisa kufikiri kwa Kiswahili. Hilo halina msingi. Aliyeelewa kwa lugha yake mfumuko wa bei ni nini, au damu inazungukaje mwilini, ana jambo la kutafsiri, lakini aliyekariri sentensi ya Kifaransa bila kuielewa hana kitu cha kutafsiri. Njia yenye mantiki ni kwenda kwa hatua mbili. Kwanza mwanafunzi ajieleze jambo kwa Kiswahili au Kirundi, kwa sauti, kama anayemweleza mdogo wake. Kisha aliandike kwa Kifaransa kwa sentensi fupi, akitumia istilahi za kozi kama zilivyo. Hatua ya pili isiachwe kwa siku ya mtihani.

Kuna pia vitenzi vya maswali, ambavyo huwapotezea alama hata wanaojua. Swali linaloanza na "définissez" linataka maana, kwa sentensi moja au mbili, na hadithi ndefu haiongezi kitu. "Expliquez" linataka sababu na namna jambo linavyotokea. "Comparez" linataka mambo mawili yawekwe bega kwa bega. Anayeeleza la kwanza ukurasa mzima, kisha la pili ukurasa mzima, hajalinganisha chochote. "Discutez" ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu linafanana na mazungumzo ya kawaida: linataka hoja za upande mmoja, hoja za upande wa pili, na uamuzi wa mwandishi. Mwanafunzi anayejizoeza kupigia mstari kitenzi hicho kabla ya kuanza kuandika huokoa muda na wino.

Umeme, usingizi na mfungo

Bujumbura iko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima. Katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, saa kumi na mbili za mwanga wa bure ni hazina. Ratiba ya busara huweka kazi ngumu, yaani hesabu, sheria za kukumbuka na zoezi la kuandika bila daftari, katika saa za asubuhi. Usiku huachiwa kazi nyepesi kama kupanga makaratasi. Wanaoishi katika nyumba yenye watoto wengi na redio ya jirani hupata utulivu zaidi maktabani, na maktaba kuu ya kampasi ya Mutanga imewahifadhi wengi wa namna hiyo. Kwa wasichana, ambao katika familia nyingi hutarajiwa kupika na kufua hata katika juma la mitihani, ni vyema mzazi aambiwe tarehe mapema ili kazi zigawanywe. Kaka naye anajua kuosha sufuria.

Kukesha kuna sifa kubwa kuliko faida yake. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na ni wakati wa usingizi ndipo ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Kahawa, ambayo Burundi inaizalisha kwa fahari, huficha uchovu bila kuuondoa, na nusu ya kafeini yake huweza kubaki mwilini saa 5 hivi baadaye. Kikombe cha saa tatu usiku kinaendelea kufanya kazi saa nane za usiku.

Mwezi wa Ramadhani husogea kwa takriban siku 11 kila mwaka, na kuna miaka ambapo hukutana na mitihani. Mwanafunzi aliyefunga hupata utulivu mkubwa wa akili baada ya daku na swala ya alfajiri, ndiyo sababu saa hizo zinafaa kwa kozi nzito. Usingizi mfupi baada ya adhuhuri hufidia ule uliokatwa usiku, na maji yanywewe kidogo kidogo kati ya magharibi na daku badala ya kumiminwa kwa mkupuo mmoja. Kusoma mara tu baada ya futari nzito ni kujidanganya.

Homa na hofu zisichanganywe

Kichwa kuuma, viungo kulegea na chakula kukosa ladha ni dalili ambazo wengi huziita uchovu wa mitihani. Katika mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zinaweza pia kuwa malaria. Anayepata homa katika majuma hayo apimwe siku hiyohiyo, na akithibitika kuwa mgonjwa, cheti cha daktari kifike kwa uongozi wa kitivo kabla ya mtihani au mapema iwezekanavyo. Cheti kinacholetwa baada ya matokeo mabaya huaminiwa kwa shida.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Moyo kwenda mbio na viganja kutoa jasho ni mwili unaojiweka tayari, na kiasi fulani cha wasiwasi humwamsha mtu. Tatizo huanza pale wasiwasi unapokula nafasi ya fikra. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba wanafunzi walioandika wasiwasi wao kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Jaribio hilo liliporudiwa na wengine baadaye halikutoa matokeo yaleyale, kwa hiyo halifai kuuzwa kama dawa, ingawa halina madhara. Kinachotuliza kwa uhakika zaidi ni kuwa umekwisha kuufanya mtihani wa mfano kwa saa zilezile nyumbani.

Lakini yupo anayeacha kula, asiyelala usiku nyingi mfululizo, au anayeanza kusema kwamba maisha yake hayana maana akianguka. Huyo asiambiwe ajikaze. Akae na mtu, na apelekwe kwa mtaalamu. Mjini Bujumbura kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili na Mishipa ya Fahamu cha Kamenge, na kwenda huko kusionewe haya.

Siku yenyewe

Uhaba wa mafuta ya gari umewafundisha wakazi wa Bujumbura kutembea. Anayetoka Kanyosha au Kinama kwenda Mutanga au Kiriri afanye hesabu kana kwamba hakuna basi, na katika majira ya mvua aongeze muda. Kadi ya mwanafunzi, stakabadhi ya malipo pale inapodaiwa, na kalamu mbili vitayarishwe usiku. Simu ibaki nje au izimwe. Kukutwa nayo kunaweza kugharimu zaidi ya kozi moja, hata kama haikutumika.

Ndani ya ukumbi, dakika za mwanzo ni za kusoma karatasi yote. Mtihani wa saa 3 wenye alama 20 una dakika 180. Zikiondolewa 20 za kusoma na kupitia upya, zinabaki 160, yaani dakika 8 kwa kila alama. Swali la alama 5 basi lina dakika 40, na la alama 2 lina 16. Anayetumia saa nzima kupamba swali la alama 2 amenunua kidogo kwa bei kubwa. Swali lililo jepesi lijibiwe kwanza, na lile lisiloeleweka liachiwe nafasi kwenye karatasi. Mara nyingi kumbukumbu hurudi mkono ukiwa unaandika jambo jingine. Kuacha swali tupu kabisa ni kumnyima msahihishaji hata nafasi ya kutoa nusu alama.

Baada ya kutoka, mjadala wa majibu mlangoni hauna faida kwa mwenye mtihani mwingine kesho.

Matokeo yakibandikwa na jina likawa kati ya walioitwa awamu ya pili, kazi ya kwanza ni kuomba kuonyeshwa karatasi iliyosahihishwa, kwa utaratibu na katika muda ambao kitivo kimeuweka, kupitia kwa mhadhiri au kiongozi wa darasa. Makosa ya kujumlisha alama hutokea. Hata pasipokuwa na kosa, karatasi ile huonyesha kama alama zilipotea kwa kutojua, kwa kutoelewa kitenzi cha swali, au kwa kukosa muda. Kila sababu ina maandalizi yake, na majuma ya kabla ya awamu ya pili ni machache.